Bi Kazija Aliyekaa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge hivyo, hamjala? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Na wewe binti unayejitazama kwenye beseni la maji, liweke chini. Hadithi hii yako.

Hapo kale, kale ya bibi zao bibi zetu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Jina lake silijui, msiniulize. Kijiji kile kilikuwa na desturi moja ngumu. Binti akiposwa, huwekwa ndani siku saba. Hatoki. Anasuguliwa singo ya kulainisha ngozi, anapakwa liwa ya mti unaonukia, anafukizwa udi. Siku ya saba wanakuja wanawake wa upande wa mume. Wanamkalisha mkekani, wanamfunua uso, wanamtazama. Kisha mama mkwe anapewa kikombe cha kahawa. Akinywa, harusi ipo. Akikifudikiza kwenye sinia, ko!, basi tena. Wanavaa makubadhi yao, wanakwenda zao.

Sasa, palikuwa na msichana akiitwa Mwanatumu. Kijana aliyemposa alikuwa ng'ambo ya mto, na Mwanatumu alimpenda, nisiwafiche. Akawekwa ndani.

Siku ya kwanza akaja shangazi yake, Shangazi Mize, na jiwe lake la kusagia liwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Akampaka. Siku ya pili akaja mama mdogo na singo ya karafuu. Kwaru, kwaru, kwaru. Akampaka juu ya ile. Siku ya tatu wakaja majirani, huyu na manjano, yule na unga wa sijui nini kutoka sijui wapi. Kwaru, kwaru, kwaru. Kila mmoja alipaka chake, na hakuna aliyeondoa cha mwenzake.

Na Mwanatumu mwenyewe? Halali. Akifumba macho anasikia ko! Mwaka uliopita rafiki yake aitwaye Mgeni alifudikiziwa kikombe kwa sababu ya kovu dogo shingoni, na tangu siku hiyo Mgeni hajaenda kisimani mchana. Halali, na hali pia, ati kiuno kisizidi. Maji hanywi, ati tumbo lisijae. Anakaa tu anahesabu. Zimebaki nne. Zimebaki tatu.

Siku ya nne asubuhi akaamka uso unawaka moto. Akajigusa. Vipele! Shavuni vipele, kidevuni vipele, kope zimevimba. Mama yake alipoingia akadondosha bakuli, pwaa!

"Uwiii! Mwanangu, watasema una ugonjwa!"

"Mama, nifanyeje?"

"Nyamaza kwanza. Usilie, utazidi kuvimba."

Mama akajitupia kanga mabegani, huyoo, mpaka kwa Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa mzee mdogo wa umbo, akiishi peke yake mwisho wa kijiji. Wanawake walimfuata kwa mambo ya miili yao, akawafaa. Lakini jiwe la liwa halikuwepo nyumbani kwake, na ukimwuliza kwa nini, alibadilisha maneno.

Akaja. Mkononi ana kibuyu cha maji, hana kingine. Akamwinua Mwanatumu kidevu, akamtazama.

"Umelala lini, mjukuu wangu?"

"Sikumbuki, bibi."

"Leo umekula nini?"

"Tende."

"Tende ngapi?"

"Moja."

"Na maji?"

Mwanatumu akatikisa kichwa.

"Loo! Uso huu umekukosea nini mpaka uuadhibu hivi?"

Akakusanya makopo yote, liwa, singo, manjano, akayatia kapuni, akalitoa kapu nje. Akamnawisha binti kwa maji baridi, polepole, bila kusugua. Kisha akasema, "Maji ya kunawa. Maji ya kunywa. Ule ushibe. Ulale. Basi."

Shangazi Mize akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo ndiyo dawa? Hata mbuzi wangu anaijua!"

"Ndiyo maana mbuzi wako ana ngozi nzuri," akasema Bi Kazija.

Akaburuta kigoda, akakaa mlangoni, mgongo kwenye ubao. Akija mtu na kopo, "Rudi nalo." Akija mtu na ushauri, "Rudi nao." Ndani, Mwanatumu akala wali na mchicha. Akala papai. Akanywa maji. Kila asubuhi Bi Kazija alimtembeza uani raundi tatu, akamrudisha. Maji ya kunawa. Maji ya kunywa. Ule ushibe. Ulale.

Siku ya tano, uvimbe ukapungua. Siku ya sita, vipele vikaanza kunywea. Lakini havikwisha! Mwanatumu akavipapasa kimoja kimoja. Kumi na viwili. Kesho ndiyo siku. Akavihesabu tena.

Adhuhuri ile Bi Kazija akaenda jikoni kuchochea uji. Kidogo tu. Kumbe Shangazi Mize alikuwa amebana nyuma ya nyumba.

"Psss! Mwanatumu! Njoo dirishani."

"Shangazi, bibi amekataza."

"Bibi yeye anaolewa? Kesho wanakuja wenye macho. Shika." Akapenyeza ndimu iliyokatwa. "Sugua, halafu ukae hapa juani ikauke. Vitatoka vyote."

Shangazi alimpenda, msimwonee. Na yeye alikuwa na hofu.

Mwanatumu akaishika ndimu. Akaiweka chini. Akaiokota. Akasikia ko! kichwani mwake, akasugua shavu la kushoto, akakaa juani. Likawasha. Akavumilia. Likaunguza. Akavumilia. Bi Kazija aliporudi na uji, shavu lilikuwa jekundu, ngozi imeanza kututuka.

Bi Kazija hakugomba. Aliweka bakuli chini, akamwagia maji shavu lile, akamwagia, akamwagia, mpaka kibuyu kikaisha.

"Bibi, nimejiharibu."

"Umejiunguza. Litapona, ila kesho litaonekana, na pengine litabaki na doa." Kisha mzee akakaa sakafuni. "Mwanangu, mimi nilikuwa somo wa maharusi, mwenye kuwatayarisha siku zao saba. Nilisifiwa huko ng'ambo. Palikuwa na binti mmoja ana madoa kidogo, nami nilitaka sifa. Nikampaka ndimu, nikamkalisha juani. Mashavu yake yote mawili, si moja. Nikaona nilichofanya, nikakimbia usiku huohuo. Sikumwomba hata radhi."

"Aliolewa?"

"Aliolewa. Akazaa mtoto wa kiume. Ndiye anayekuoa wewe."

Mwanatumu akamkodolea macho. Basi mama mkwe, Bi Tufaha, ndiye yule! Na kesho ataingia, atamwona nani mlangoni?

"Bibi, nenda. Nakuomba. Asikukute."

"Nimekimbia mara moja. Yatosha," akasema Bi Kazija.

Siku ya saba ikafika. Vigelegele huko nje, makubadhi kwa, kwa, kwa. Mama mtu akataka kumpaka binti poda nzito, Bi Kazija akakataa, na Mwanatumu naye akakataa. Akakaa mkekani, uso umenawa, kipaji cha uso kimepakwa mafuta ya nazi kidogo, shavu limeiva.

Bi Tufaha akaingia. Mwanamke mrefu, amejitanda mtandio mpaka puani. Akamwona Bi Kazija. Akasimama. Chumba kizima kikaona amesimama.

Akaenda mkekani, akamfunua Mwanatumu. Akatazama shavu. Akalitazama tena. Akamgeukia mzee.

"Kazija. Na huyu pia?"

Hata aliyekuwa anapepea akaacha kupepea. Shangazi Mize akainama sikioni kwa Mwanatumu, mbiombio: "Sema ndiye! Sema ni yeye, atakuhurumia, harusi itapona!"

Na kweli ingepona, wenzangu. Neno moja tu. Nani asingeamini? Bi Kazija mwenyewe aliinamisha kichwa, hakujitetea. Mwanatumu akatazama kikombe kwenye sinia. Alimtaka mume yule, jamani, alimtaka sana.

"Si yeye, mama," akasema. "Yeye alikaa mlangoni siku tatu anizuie. Alipoinuka kidogo tu, nikajipaka mwenyewe. Niliogopa macho yenu."

Shangazi Mize akaanza kulia. "Ndimu nilimpa mimi."

Bi Tufaha akabaki anamtazama binti. Taratibu akafungua mtandio. Mashavu yote mawili, madoa meusi kama masizi, ya miaka ishirini na mitano. Wanawake aliokuja nao, wengine hawakuwahi kuyaona.

"Nisamehe, Tufaha," akasema Bi Kazija. "Nilikuharibu, nikakukimbia."

Bi Tufaha akachukua kikombe. Mwanatumu akafumba macho, anangoja ko! Akangoja. Hakusikia. Alipofumbua, kikombe kilikuwa mdomoni mwa mama mkwe, na kahawa inashuka.

Akaimaliza. Akafuta mdomo. Ndipo akasema, bila kumtazama mzee:

"Nina binti wa kumzaa, mdogo wake bwana harusi. Mwezi ujao anaingia ndani. Watu wameshaanza kusaga liwa." Akakirudisha kikombe kwenye sinia, wima. "Njoo ukae mlangoni pake, Kazija."

Bi Kazija akalia kwa sauti, mzee mzima, mbele za watu. Akaenda. Na baada ya huyo, wengine wakamwita, mpaka ng'ambo zote mbili za mto zikamjua kwa kigoda chake.

Enyi mabinti, na nyinyi mama na shangazi zao hasa: kabla hujampaka mwenzio kitu usoni, mwulize kwanza kama amekula na kama amelala. Hofu haitoki kwa kusuguliwa.

Mimi nimefika mwisho, hadithi nimewaachia. Kanaweni mkalale.