Buti la Mzee Sekiete

Sogeeni, na mwenye moyo wa kuku akae katikati. Mimi darasa la nne nimelisoma mara tatu, kwa hiyo nina elimu ya darasa la kumi na mbili, na bado kesi hii imenishinda. Nawatupia nyinyi.

Korogwe palikuwa na mafundi watatu wa kufufua magari ya zamani. Mhina alikuwa na jicho: akiwa Korogwe anamwona sisimizi wa Tanga, na anakwambia anachechemea mguu gani. Nuru, dada wa watu, alikuwa na sikio: kutu ikianza kula bati, anaisikia ikitafuna. Chambuso alikuwa na mikono: bati lililokunjamana kama bibi yangu akilamba ndimu, yeye analipapasa tu, linanyooka lenyewe kwa aibu.

Mzee Sekiete alikuwa na gari nyeupe, kuukuu mpaka milima ya Usambara inaiamkia. Miaka thelathini, kila alasiri, alikaa juu ya mfuniko wa buti, pale nyuma pa kuwekea mizigo, kona ya kushoto, akanywa kahawa. Buti likapinda, likagoma kufunga. Alipokaribia kufa akamwambia mkewe, Bi Mwanaisha, "Arobaini yangu ikifika, uje kaburini na gari yangu, buti limefungwa. Likiwa wazi, nitakuja kulifunga mwenyewe."

Bi Mwanaisha alimpenda mumewe, lakini alimpenda akiwa hai. Akawaita mafundi, akaapa kwamba atakayelifunga buti, gari ni yake wakishatoka kaburini.

Wakaligonga, wakalinyoosha, likawa sawa kama kioo. Asubuhi linafunga. Alasiri linajifungua, pole pole, na uani kote kunanukia kahawa. Chambuso akalifunga kwa kamba ya katani ya kuvutia treni. Alasiri ilipofika, kamba ikakatika kama tambi.

Ikafika siku ya arobaini. Mhina akachuchumaa nyuma ya gari. Kulia, mwanya haupitishi unywele. Kushoto, kidole kinaingia. Akasema wamenyoosha buti bure, maana bodi ya gari yenyewe imelalia kushoto. Bila jicho lile, wangekuwa wanagonga mpaka leo.

Nuru akalaza sikio juu ya bati, akawanyamazisha wote, hata nzi wakatua. Bawaba ya kulia kimya. Ya kushoto inalia.

"Hii imebeba mtu," akasema.

Chambuso akauliza mtu gani. Nuru akanyanyuka, akafuta sikio kwa kanga, akamwonyesha bawaba kwa kidole. Bila yeye, nani angejua pa kugusa?

Chambuso akailegeza bawaba ile, akachomoa washa mbili nyembamba, vile vibati vya duara vya chini ya nati, akakaza tena. Kisha akalikanda buti kwa viganja mpaka likalalia kushoto kama bodi, likavaana nayo kama ganda na yai. Bila mikono ile, jicho na sikio vingebaki maneno matupu.

Wakaliacha wazi, wapanguse mikono kwanza, ndipo walifunge.

Adhana ya alasiri ikalia. Buti likashuka lenyewe, taratibu. Tk. Likafunga. Hakuna aliyeligusa; wote walikuwa hatua nne nzima kutoka pale. Na pale kona ya kushoto, vumbi lilibonyea, kama mtu mzito amekaa. Kahawa ikanukia.

Nyinyi mngekimbia. Mafundi wale wakaanza kugombana: jicho langu, sikio langu, mikono yangu.

Bi Mwanaisha hakuwasikiliza. Alikuwa ameikazia macho kona ile.

"Nilisema atakayelifunga," akasema. "Sasa niambieni, wanangu, nani amelifunga?"

Wote watatu wakaigeukia kona ile.

Sasa, ukimpa fundi mmoja, ni yupi, na wenzake uwaambie nini? Ukimpa marehemu, gari inabaki pale uani, na Bi Mwanaisha atachemsha kahawa ya watu wawili kila alasiri mpaka na yeye afe.

Haya, wewe ungempa nani? Amua, lakini kwa sauti ya chini. Alasiri ndiyo hii inaingia.