Aliyeona Kombe Hakuona Umande

Aliyeona kombe hakuona umande. Jana mama yenu alimjibu hivyo jirani aliyesema duka la Anyosisye limejaa kwa bahati tu, nanyi mmeniuliza neno hilo limetoka wapi. Siku hizi hata watu wa mbali hulisema, lakini lilitoka hapa hapa Rungwe, kwenye uwanja wetu wa netiboli, nami nilikuwapo. Lilianza hivi.

Nilikuwa darasa la sita. Juu ya shule yetu palikuwa na chuo cha ualimu, na humo walisoma wasichana wawili wa kijiji kimoja, Subilaga na Gwantwa. Walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Aliyejulikana ni Subilaga. Sekondari alikuwa mfungaji hodari. Mpira ukimfika mkononi, watu walianza kushangilia kabla hajaurusha. Gwantwa alikuwa mchezaji wa akiba, wa kushika maji na sweta za wenzake.

Mwalimu mkuu wetu alipopanda chuoni kuomba mtu wa kutufundisha mchezo, alimwendea Subilaga kwanza. Subilaga akakataa.

"Nimekuja kusoma, mwalimu. Mitihani ya chuo haina mzaha."

Ndipo Gwantwa aliposema atajaribu yeye.

Jioni sisi tulikuwa kwenye chai, tukiwasaidia mama zetu kuchuma, na Gwantwa alikuwa na vipindi. Ukabaki wakati mmoja tu, alfajiri. Mnaijua alfajiri ya huku: ukungu umeshuka mpaka magotini, nyasi zimelowa kama zimemwagiwa ndoo. Tulicheza pekupeku, miguu ikifa ganzi. Gwantwa alikuja na kitabu chake cha chuo amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Tukikaa kupumzika, alitusomea somo lake la siku ile, kisha akatueleza kwa maneno mepesi. "Mkielewa ninyi," alisema, "basi nami nimeelewa." Kengele ya chuo ikilia, alipanda kilima mbio, kitenge kimelowa chote.

Saa hizo Subilaga alikuwa bado amejifunika blanketi.

Tukachukua kombe la wilaya. Mkuu wa chuo akamsimamisha Gwantwa mbele ya wanachuo wote, akaliinua kombe juu. "Huyu amefundisha timu," alisema, "na maksi zake hazijashuka hata kidogo." Watu wakapiga makofi. Subilaga naye alipiga, lakini alitusimulia mwenyewe baada ya miaka mingi kwamba kila kofi alilisikia kama la shavuni mwake. Yule aliyekuwa akimshikia sweta!

Tangu hapo hakuwa na raha. Gwantwa akicheka, Subilaga alisikia majivuno. Akifungua kitabu, aliona anajionyesha. Mpishi alipomwongezea Gwantwa ndizi, Subilaga aliacha kula, akasingizia tumbo. Sisi watoto tukimwamkia Gwantwa njiani kwa furaha, mwenzake aligeuza uso. Moyoni alijiambia kwamba kombe lile lilikuwa lake, lilipotea njia tu.

Mwishowe wivu ukamfungua mdomo. Alikwenda kwa mkuu wa chuo, akasema Gwantwa husinzia kila kipindi na kazi zake huandikiwa na wengine. Ulikuwa uongo mtupu, lakini nani angemtilia shaka rafiki wa chumba kimoja? Mkuu akamkataza Gwantwa kushuka uwanjani mpaka jambo lichunguzwe. Mashindano ya mkoa yalikuwa karibu, kwa hiyo timu akakabidhiwa Subilaga.

Akatangaza mazoezi ya jioni. Hakutokea mtu. Tulipomweleza habari ya chai, ikambidi aamke. Alfajiri ya kwanza alikuja na raba nyeupe, na kabla hata hatujapasha mwili zilikuwa zimelowa chepechepe. Alitetemeka hata filimbi ikashindwa kulia. Tulipokaa kupumzika, Bupe, mdogo wetu kuliko wote, akamuuliza:

"Leo hutusomei?"

"Niwasomee nini?"

"Somo la chuo. Dada Gwantwa hutusomea."

"Gwantwa, Gwantwa!" akafoka. "Hapa Gwantwa hayupo!"

Tukarudi mchezoni. Lakini ulimi hauna adabu. Tuliendelea kumwita Dada Gwantwa kwa kusahau, na kila mara tuliona uso wake ukikunjamana.

Sikatai, alijitahidi. Ila sasa aliyesinzia darasani alikuwa yeye, na maksi zake zikaanza kuporomoka. Asubuhi nyingine usingizi ulimshinda kabisa, nasi tukarudi nyumbani tumelowa bure.

Mkoani tulifungwa mechi ya kwanza, tukafungwa na ya pili, tukatolewa. Nakumbuka tulilia mpaka kwikwi. Wazazi waliotusindikiza walikuwa wamesimama pembeni, na baba yake Bupe, mzee Ambakisye, akasema kwa sauti, "Yule Gwantwa ana bahati yake, jamani. Huyu hana."

Gwantwa alikuwapo nyuma yao, amekuja kututazama. Subilaga alimwona. Angeweza kunyamaza. Ile bahati ya mzee ilikuwa mahali pazuri pa kujificha.

"Si bahati, baba," akasema. "Hata mimi nilidhani ni bahati. Aliyeona kombe hakuona umande."

"Umande gani, mwanangu?"

"Aliokuwa akiukanyaga mwenzangu kila alfajiri, mimi nikiwa nimelala." Kisha akamgeukia. "Gwantwa, aliyekusema kwa mkuu ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Chumba chetu kina vitanda viwili, Subi. Nani mwingine angeaminiwa?"

"Mbona hukunisema?"

"Nilitaka kuona kama utaamka," Gwantwa akajibu, na machozi yakamtoka. "Lakini watoto hawa hawakustahili haya."

Waliporudi, Subilaga alikwenda mwenyewe kwa mkuu akaukiri uongo wake. Akapewa adhabu ya kufyeka nyasi muhula mzima, mbele ya macho ya kila mtu. Gwantwa akarudishiwa timu.

Nisiwadanganye kwamba walikumbatiana. Gwantwa alimwambia, "Kukusamehe bado sijaweza. Lakini Bupe hajui kurusha, na mimi sijui kurusha kama wewe." Kesho yake tulimwona Subilaga akishuka kilima kwenye ukungu, nyuma ya mwenzake, hatua chache mbali. Alikuja pekupeku. Alimshika Bupe viwiko, akamwonyesha namna ya kukunja magoti. Alituambia baadaye kwamba wivu haukumtoka siku ile wala wiki ile. Aliamka nao, akatembea nao mpaka uwanjani, ila akiwa kazini aliusahau kidogo, na kesho yake kidogo zaidi.

Mzee Ambakisye ndiye aliyelipeleka lile neno sokoni na kwenye chai, na watu wakalipenda. Nanyi, siku mtakapoona mtu ameinuliwa mbele ya wengine, na kitu kikawachoma kifuani, kabla hamjafungua mdomo jiulizeni alikuwa wapi alfajiri, nanyi mlikuwa wapi. Aliyeona kombe hakuona umande.