Karata za Zimwi na Posa ya Siwatu

Nyamazeni nianze, na anayetafuna atafune polepole. Palikuwa na baba mmoja mjinga, jina lake Mwinyikombo. Bintiye Siwatu aliletewa barua ya posa na fundi seremala. Desturi ni kumwuliza binti kwanza, ndipo barua ijibiwe. Bwana huyu akaenda kuliuliza zimwi lenye karata za picha za kupigia ramli.

Zimwi likafunua mnara unaoungua. "Maana yake nyumba yako itaanguka. Lete mbuzi." Akaleta. Mwezi wa pili likafunua mtu wa mifupa juu ya farasi. "Mauti! Lakini si kifo, ni mabadiliko. Lete ng'ombe." Akaleta, bwege yule. Mwezi wa tatu likafunua wapenzi wawili. "Hawa ni mimi na Siwatu. Mlete."

Msicheke sana. Mimi nami niliwahi kutandaziwa karata, Mungu anisamehe.

Siwatu akaja, akaziinamia zile picha. "Hebu semeni wenyewe, mna maana gani?"

Kwa uwezo wa Mungu, yule wa mifupa akafumbua kinywa. "Hatuna maana, dada. Sisi ni karatasi. Linalosema ni tumbo lake."

Zimwi likapasuka kwa aibu, puu!

Mwinyikombo akajikohoza. "Mwanangu, kwani wewe ulimtaka yule seremala?"

"Nilimtaka sana, baba. Amechoka kungoja jibu, kaoa kwingine Ijumaa. Miezi mitatu nakupakulia chakula, hukuniuliza."

Ngano yangu naitua hapo. Mwinyikombo bado anakohoa.