Mtumbwi Wetu wa Kuzamishwa

Paukwa!
— Pakawa!
Sauti gani hizo, mmefunga? Paukwa!
— Pakawa!

Haya. Hapo kale, nilipokuwa na kiuno na sina akili, palikuwa na mtumbwi mdogo huko kwetu Rufiji. Kiuno kimekwenda. Akili bado naisubiri.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Ungando, aliyeuchonga kwa gogo moja la mkongo. Alipokufa, akaurithi mkewe, Bi Somoe. Huyo kila kiangazi, mto ukipungua watu wakavuka kwa miguu, aliujaza mawe akauzamisha. Masika yakikaribia, anauibua.

"Ukikaa juani unapasuka," alisema.

Macho yakamwisha nguvu, akanipa mimi. Mimi mjuzi! Nimesoma mpaka darasa la pili. Nikawaambia majirani, "Mtu na akili zake anazamisha mali yake?" Nikauweka uani. Nikaupaka mafuta ya nazi. Nikaufagia kila asubuhi. Jamani, wanangu hawakutunzwa hivyo.

Mvua zikashuka, mto ukafura. Mume wangu Kindamba yuko ng'ambo, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo cha kulindia mpunga. Maji yanalamba sakafu. Anapiga kelele. Mitumbwi ya wenzangu imeshakwenda kuokoa watu wao. Nikauburuta wangu mpaka mtoni. Loo! Ufa, mrefu kama ulimi wangu.

Nikaziba kwa kanga. Maji yakaitema.
Nikaziba kwa udongo. Maji yakaula.
Nikaukalia.

Makalio haya, yaliyosemwa kisimani miaka mingi! Maji yakapungua kuingia. Nikapiga kafi mpaka kwa Kindamba, akarukia ndani.

"Sogea mbele, nishike kafi."
"Siinuki."
"Inuka, mke wangu, umechoka."
"Siinuki!"
"Kwani umekalia nini?"
"Ujinga wangu. Wewe kumba maji!"

Akakumba, tukafika. Bi Somoe kasimama ukingoni na fimbo yake.

"Haya shuka, mwanangu, umshukuru Mungu."

Nikainuka. Mtumbwi nao ukashuka, taratibu, mpaka chini. Bi Somoe haoni, lakini mapovu aliyasikia.

"Afadhali," akasema. "Sasa uacheni hapo hapo."

Tukautia mawe, tukauacha. Mti ukanywa maji, ukavimba, ufa ukajifumba. Kila kiangazi nikauzamisha mwenyewe, bila kuambiwa.

Leo ni wa mkaza mwanangu, Sikudhani. Mwaka huu hajauzamisha. Juzi nimemsikia akiwaambia wenzake, "Mama yule eti nizamishe mtumbwi! Kachanganyikiwa, maskini."

Nimemtazama makalio tu.

Yanatosha.

Hadithi yangu imefika ukingoni, shukeni. Utamu nendeni nao. Ujinga niachieni mwenyewe, tumezoeana.