Muhogo Mwekundu wa Bi Nyangeta

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, ni juzijuzi tu jeni za mimea zilipokuwa zikisomwa kwa vipande vya kioo vya maabara, alikuwako dada mmoja akiitwa Veridiana, mtunzaji wa ghala la data katika kituo cha utafiti wa mazao. Kioo cha namna hiyo, jamani, kina vitone maelfu, na kila kitone kina jeni yake. Kioo chenyewe hakisemi kitone kipi ni jeni ipi. Unaosema ni mchoro wake, yaani ramani ya vitone. Basi kazi ya Veridiana ilikuwa kuunganisha kila jaribio na mchoro wa kioo chake, maana ghala halikupokea jaribio lisilo na mchoro.

Mwaka huo mihogo ilioza ardhini pande zote za ziwa. Shamba la Bi Nyangeta peke yake lilipona. Alipanda muhogo mwekundu aliourithi kwa mama yake, na mweupe kidogo pembeni. Dokta Mafuru akachuma majani ya mihogo yote miwili, akaenda kupima ni upi wenye kinga.

Vioo vilitengenezwa na fundi Nchagwa. Safari hiyo fundi alibadilisha mpangilio wa vitone, akapeleka mchoro mpya ghalani, ila jina la kioo akaliacha lilelile. Namba za vipimo vya Mafuru zilipofika ghalani, Veridiana akauliza, "Dokta, umetumia mchoro upi?"

"Uleule wa siku zote," Mafuru akajibu huku anatoka.

Veridiana akatafuta jina, akachukua mchoro wa kwanza uliotokea, akauunganisha. Moyo ulimsita kidogo, lakini kazi zilikuwa zimemrundikia, akapita.

Majibu yakasema mweupe una kinga, mwekundu unaficha ugonjwa, ung'olewe, uchomwe. Bi Nyangeta alikataa katakata. Mafuru akamsihi, akamwambia majirani watakufa njaa kwa ukaidi wake. Mwisho bibi akang'oa. Ndugu zake waliokuwa na mbegu ileile nao wakang'oa, wakachoma, wasibakize hata kijiti. Msimu uliofuata mweupe ukaoza wote, na watu wakalala na njaa.

Habari zilipomfikia Veridiana, alifungua jaribio lile upya. Ndipo alipouona mchoro wa pili wenye jina lilelile, ule mpya wa fundi. Akauunganisha na namba zilezile. Wenye kinga ulikuwa ule mwekundu. Kosa la ghalani lilirekebishika hapohapo, akiwa amekaa kitini, lakini mbegu yenyewe haikuwepo tena popote. Alilia mpaka akachoka.

Akawaeleza Mafuru na Nchagwa, wakaenda wote watatu kwa Bi Nyangeta.

Mafuru akasema, "Mama, mimi napima majani. Namba zangu zilikuwa sahihi, na ni sahihi hadi leo. Michoro si kazi yangu."

Nchagwa akasema, "Mama, mimi natengeneza vioo. Mchoro mpya niliupeleka ghalani kama inavyotakiwa. Kuutazama si kazi yangu."

Veridiana alikuwa amekusudia kuomba msamaha. Akajisikia anasema, "Mama, mimi naunganisha. Niliuliza, nikajibiwa. Kuwaambia watu wang'oe si kazi yangu." Akajichukia kabla hajafunga mdomo.

Bi Nyangeta aliwatazama mmoja mmoja. "Naona kila mtu alifanya kazi yake," akasema. "Na jembe nililishika mwenyewe, hilo sikatai. Lakini kesho ndugu zangu wanakuja. Mbegu ile mama alituachia sote, na wao waliing'oa kwa kunisikiliza mimi. Wataniuliza ni nani aliyeimaliza mbegu ya mama. Niwatajie nani, wanangu?"

Mafuru akainamisha kichwa, Nchagwa naye akainamisha. Shamba lilikuwa mbele yao, jeupe kwa jua, halina kitu.

Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza, ambao hamna shamba mlilopoteza, msaidieni mama huyu. Je, kesho amtaje nani?