Chumba cha Santuri cha Bwana Chui

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama wanapaka nyumba zao chokaa na kugombana na wake zao kuhusu pa kuweka vitu, alikuwako Chui mmoja asiyemwamini mtu. Ukimsalimu, kwanza anajiuliza hiyo salamu imekuja kutafuta nini. Akikohoa mwenyewe, hugeuka kutazama nani kakohoa. Msicheke. Watu wa namna hiyo wapo, hata mtaani kwetu wapo, ila mimi siwataji.

Chui huyo alikuwa na gramafoni, ile ya kuzungushwa kwa mkono, yenye tarumbeta kubwa la shaba. Aliipenda kuliko mboni ya jicho lake. Tena alikuwa na kitu kingine ambacho si chake. Bandani aliwafungia watoto wa Mama Kanga, aliowakamata wakidonoa mtama shambani. Mlangoni kaweka kufuli, ufunguo kauvaa shingoni. Ijumaa kaka za mkewe wanakuja kula, na mchuzi ndio hao watoto.

Mama Kanga alikwisha kulia pale mlangoni mpaka sauti ikamkauka. Akijaribu kunyemelea, Chui anamsikia tangu yuko kwenye mtama, maana masikio yake yalikuwa yanasikia hata jani likianguka. Anatoka, grrr, na maskini mama wa watu anakimbia.

Sasa, ile gramafoni haikuwa na pa kukaa. Sebuleni Bi Chui aliifukuza. "Ama inatoka hiyo, ama natoka mimi," alisema, na mkewe Chui hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Kikabaki chumba kimoja tu, cha pembeni, ukuta kwa ukuta na banda. Nacho kilikuwa chumba kwa jina. Aliyejenga alikosea kona, kikawa kipana mlangoni na chembamba mwishoni, kama sambusa. Dari limeinama, ukisahau unagonga kichwa. Na kule kwenye ncha palikuwa na tundu la moshi, kwa sababu zamani palikuwa jiko.

Humo Chui akaweka gramafoni yake, akazungusha, akakaa kusikiliza. Lo, sauti iliyotoka! Ngoma inasema vuuum, mwimbaji utadhani katumbukia kisimani, zeze halisikiki kabisa. Akasogeza tarumbeta huku, akasogeza kule. Vuuum ile ile.

"Hodi, Bwana Chui," sauti ikasema dirishani. "Huyo mwimbaji anaimba au anaumwa?"

Alikuwa Pimbi, yule anayekaa kwenye mawe ya ng'ambo. Mdogo, mnene, hana hata mkia wa kumshikia.

"Nani kakutuma?" Chui akauliza.

"Masikio yangu, bwana. Hiyo vuuum yako inafika mpaka kwangu, silali mchana. Mimi vyumba navijua. Nikutengenezee hiki, upone wewe, nipone na mimi."

"Kwa malipo gani?"

"Nisikilize upande mmoja wa santuri, basi."

Chui akamtazama kuanzia masikio hadi kucha. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, sembuse huyu anayechungulia dirishani. Lakini vuuum ilikuwa inamuua.

"Haya, ingia. Ila mfuko wako unabaki nje. Kitu chako hakiingii humu, hata uzi. Kinachotakiwa kitatoka nyumbani kwangu, nitakichagua mimi na kukibeba mimi. Wewe utakaa pale nikuone."

"Vizuri tu, bwana mkubwa."

Hiyo vizuri tu haikumpendeza Chui. Mtu mwema hubisha kidogo. Akachukua gunia akaliziba tundu la moshi, akalishindilia kwa ngumi.

"Na hapo usipaangalie-angalie."

"Vizuri tu."

Pimbi akasimama katikati ya chumba akapiga kofi, pa. Chumba kikajibu, pa-pa-pa-pa.

"Umesikia? Kuta tupu zinajibu kama mtoto asiye na adabu. Zinataka kitu laini cha kuzinyamazisha."

"Kitu gani?"

"Aa, mimi nimekatazwa kuchagua."

Chui akawaza, akaenda chumbani, akarudi na godoro mgongoni. Bi Chui yuko nyuma yake, mikono kiunoni.

"Baba, hilo godoro linakwenda wapi?"

"Ukutani."

"Ukutani. Na mimi nilale wapi, darini?"

"Kwa kitambo kidogo tu, mama."

Likasimamishwa ukutani. Kisha yakafuata majamvi ya sebuleni, yakatandikwa chini. Alipofikia mashuka, Bi Chui alijitanda kanga yake akaenda kwa dada yake. "Ukimaliza kuivisha nyumba, niite," alisema, akaufunga mlango wa nje kwa kishindo.

Ikabaki dari. Chui akatundika magunia, moja, jingine, jingine, mpaka yakamwishia, na pembe moja ya dari bado iko wazi. Akatazama huku na huku. Akalichomoa lile gunia la tundu la moshi. Mwizi mwenyewe si yuko mbele ya macho yangu, akajiambia. Akalitundika kwa mikono yake.

Pimbi anajikuna sikio.

"Sasa kiti, bwana. Ukikaa umeegemea ukuta, ngoma inakumeza. Ukikaa katikati, ngoma inakukimbia. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Chui akazungusha gramafoni. Safari hii alisikia zeze. Alisikia upinde ukikwaruza uzi, na yule mwimbaji, mama wa watu, akivuta pumzi kabla hajaanza kuimba. Chui hakujua kwamba ndani ya santuri mna mtu anayepumua. Akageuza uso, akajifanya anakohoa.

Lakini ngoma ilipoingia, kule kwenye kona kitu kikasema tena, vuuum.

"Ile nini?" akang'aka.

"Ile ncha, bwana. Sauti inaingia kule, inakosa njia ya kutoka, inanung'unika. Inataka ubao mpana, mkavu, usimamishwe kuikinga. Ila ubao wa hivyo huna. Tuache tu, hapa palipofika panatosha."

Mngemwona Chui. Alileta mbuzi ya kukunia nazi. Ndogo. Alileta kibao cha chapati, akakiweka, akakitoa. Jicho lake likapita dirishani, likatua uani. Mlango wa banda ulikuwa wa mbao za mvule, mpana, umekauka kwa jua la miaka.

"Mlango wa banda," alisema polepole.

"Hapana, bwana," Pimbi akadakia. "Huo usiuguse. Watoto wa watu watatoka. Afadhali uvumilie hiyo vuuum."

Chui akamkazia macho. Kumbe! Hii ndiyo hila yake. Siku nzima anasema vizuri tu, sasa nikitaja mlango anasema hapana. Hataki nisikie vizuri. Anataka sauti kamili akamtengenezee mwingine, mimi nibaki na nusu.

"Nani kakuuliza?" akasema.

Akatoka, akazing'oa bawaba kwa makucha, kwach, kwach, na mlango ukamjia mzima na kufuli lake linaning'inia. Wale vifaranga wakalia ndani, chiyo chiyo.

"Tulieni nyie, ni upande mmoja tu," akawaambia, akaegemeza tenga kubwa pale palipokuwa na mlango. Akanyoosha masikio upande wa mtama. Kimya. Akaubeba mlango ndani, akausimamisha kuikinga ile ncha, akaufunga mlango wa chumba na dirisha. Kisha akamwita Pimbi.

"Njoo ukae hapa, katikati ya miguu yangu. Mwizi akiwa mkononi, nyumba iko salama."

"Vizuri tu," Pimbi akasema, akakaa.

Santuri ikazunguka. Watoto wangu, hakuna vuuum. Ngoma ilikuja imevaa nguo zake, zeze likaja, na yule mama akaimba kama yuko pale juu ya jamvi, akiwaaga kwao siku ya harusi yake. Chui akafumba macho. Chozi likamtiririka likapita madoa yake, naye hakulifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imemshika Pimbi.

Upande ukaisha.

"Ahadi ilikuwa upande mmoja, bwana," Pimbi akasema. "Niende zangu?"

Chui akafumbua jicho. Anataka kwenda. Mbona anataka kwenda?

"Unakwenda wapi? Kaa hapo. Geuza santuri."

"Lakini, bwana."

"Nimesema geuza."

Akageuza. Wakasikiliza upande wa pili, kisha ule wa kwanza tena, na kila Pimbi akiaga, Chui anazidi kumshuku na kuzidi kumkalisha. Mpaka mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Chui, amerudi kudai godoro lake.

"Baba, mbona banda limeachama kama kinywa cha mlevi?"

"Banda limefungwa," Chui akasema, macho bado kayafumba. "Ufunguo huu hapa shingoni."

"Na kufuli?"

"Kufuli lile pale."

Bi Chui akalitazama kufuli. Lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, juu ya mlango, kwenye kona ya chumba.

Chui akafumbua macho. Akamrukia Pimbi, lakini mkono uliotulia kwa nyimbo si mkono wa kukamatia, na Pimbi hana mkia wa kumshikia. Pimbi aliingia nyuma ya mlango wa banda, akafika kwenye ncha ambako hata kichwa cha Chui hakipiti, na lile tundu la moshi liko wazi linamsubiri. Chui akanyanyuka kwa hasira, akasahau dari. Go!

Alipofika uani, tenga limelala ubavu. Bandani pamebaki unyoya mmoja na mavi. Mama Kanga alikuwa amekaa kwenye mtama tangu asubuhi, akisikiliza gramafoni. Pimbi alikuwa amemwambia mapema, "Wimbo ukianza kufifia, jitayarishe. Utakapokuwa huusikii kabisa huku nje, jua na yeye hakusikii kule ndani." Kila godoro na kila jamvi Chui alilobeba, wimbo ulikuwa unafifia. Mlango wa banda ulipoingia na wa chumba ukafungwa, mama akasikia kimya. Akaja kwa miguu yake, bila kunyemelea, akasukuma tenga, akawakumbatia wanawe mmoja mmoja, wakaondoka wakitembea. Hadi leo kanga hutembea makundi makundi, mama na watoto, wala hawaachani.

"Kaka zangu watakula nini Ijumaa?" Bi Chui akauliza.

Chui anashika nundu yake kichwani.

"Basi wapigie santuri," alisema mkewe, akaenda kubandua godoro lake ukutani.

Hadithi yangu imeishia hapo, wa kuing'ata aing'ate, wa kuitema aiteme: ukiikodolea macho mikono ya mgeni, itazame na yako.