Hadithi Aliyoiitikia Chui

Hadithi iko mlangoni!
— Na iingie!
Imekuja na mwenziwe, Uongo.
— Naye aingie! Utamu kolea!

Mmemkaribisha wenyewe. Kaeni sasa.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe, mvua ilikata. Ikakata mwaka wa kwanza, ikakata mwaka wa pili. Visima vikakauka, mito ikabaki mchanga. Likabaki dimbwi moja tu chini ya jabali, na kando ya dimbwi akakaa Chui.

Chui alikuwa na sheria moja.

"Haya ni maji ya wasema kweli," alisema. "Atakayesema uongo hapa, namla. Neno langu ni moja."

Wanyama wakafurahi. Nani asiyetaka kunywa maji ya wasema kweli?

Akaja Swala. Chui akamuuliza, "Swala, mimi ni mzuri au ni mbaya?"

"Ni mzuri, bwana mkubwa. Madoa yako yanameremeta."

"Mbona miguu inakutetemeka? Nani hutetemeka mbele ya kitu kizuri? Mwongo!" Kwachu! Akamla.

Akaja Ngiri. Chui akamuuliza, "Ngiri, mimi ni mzuri au ni mbaya?"

"Ni mbaya, bwana mkubwa. Kusema kweli, unatisha."

"Nimejitazama majini leo asubuhi. Ni mzuri. Mwongo!" Kwachu! Akamla.

Akaja Kanga. Kanga alikuwa ameyasikia ya wenzake, akafumba mdomo.

"Kunyamaza ni kuficha," alisema Chui, "na kuficha ni uongo." Kwachu! Yakabaki manyoya.

Basi wanyama wakakaa mbali, ndimi nje, wakiyatazama maji.

Miongoni mwao alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, mkia hana. Alikuwa na watoto wanne. Watatu walikwisha kufa kwa kiu. Alibaki Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya baka dogo la manjano mgongoni. Midomo ya Kidoti ilikuwa imepasuka. Akilia, machozi hayatoki.

"Mama, kiu."

"Nakwenda, mwanangu."

Nyani akamwona akiteremka. "Mama Kidoti! Unakwenda kuwa kitoweo?"

"Nakwenda kuzungumza, kaka Nyani."

"Wewe? Shingo yenyewe huna. Chui atakushika wapi?"

"Hapo ndipo atakapopata shida."

Nyani akacheka, kicheko kikavu, he he he, akakohoa vumbi.

Pimbi akafika dimbwini. Chui akapiga mwayo.

"We kijipimbi! Mimi ni mzuri au ni mbaya?"

"Bwana mkubwa, swali ni kubwa na mimi ni mdogo. Niruhusu nilijibu kwa hadithi."

Chui alikuwa hajatambiwa hadithi tangu mama yake afe. Masikio yakasimama, tii!

"Tamba."

"Hadithi iko mlangoni!"

"Na iingie," alisema Chui.

"Imekuja na mwenziwe, Uongo."

"Naye aingie! Utamu kolea!"

Wanyama wote wakasikia. Na desturi ya kilima kile ilikuwa hivi: hadithi hufunguliwa na wawili, hufungwa na wawili. Haifungwi mpaka yule yule aliyeitikia aseme, "Imefungika." Na kabla haijafungwa, hakuna neno la mtambaji linaloweza kumtia hatiani.

Chui akatambua alichofanya. Lakini neno lake lilikuwa moja. Na zaidi ya hapo, tayari alikwisha sikia mwanzo.

"Paliondokea pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe," alianza Pimbi. "Pofu mnene! Shingoni mafuta, mgongoni mafuta, hata kwato zake zinanuka mafuta. Akasikia kwamba Chui ana maji. Akashika njia. Ti! ti! ti! Anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Hapa. Kwa njia ile ya mkwaju. Lakini pofu ni mwoga, bwana mkubwa. Ukigeuka akakuona jicho, atakimbia. Itazame njia, usigeuke."

Chui akaitazama njia, akayapa maji mgongo. Pimbi akapunga mkono. Kidoti akaja akinyata, akainamisha kichwa. Gudu-gudu-gudu! Akanywa. Nyuma yake Nyani, nyuma yake Nungunungu, nyuma yao wote waliobaki. Gudu-gudu-gudu!

"Ni nini hicho?" aliuliza Chui.

"Tumbo la pofu, bwana mkubwa. Ameshiba, linachezacheza."

"Utamu kolea!" alisema Chui, udenda ukimtoka.

Siku ya pili Chui akasema, "Njaa inaniuma. Nikiifunga hadithi hii, nakula wewe."

"Mimi ni tonge moja," alisema Pimbi. "Pofu ni karamu. Sasa hivi anavuka korongo. Ti! ti! ti! Anakuja."

"Utamu kolea!"

Siku ya tatu pofu akavuka korongo. Siku ya nne akajikuna kwenye mti, kwaru! kwaru! Siku ya tano akapotea njia. Siku ya sita akaiona tena. Chui hakula, hakunywa, hakugeuka. Mbavu zikahesabika. Nyuma yake wanyama wakanywa, wakaoga, na kila Pimbi alipotua wakaitikia kwa pamoja, "Utamu kolea!" Watoto wao wakaufanya mchezo. Kidoti ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Pimbi hakuondoka. Angeondoka, Chui angegeuka. Sauti ilimkauka kando ya maji.

Siku ya saba alisema, "Pofu huyu hapa, karibu na mkwaju," na Chui hakuitikia. Akamgusa. Akamsukuma. Chui akaanguka, pu! Alikuwa amekufa, macho yakiitazama njia.

Hapo Pimbi akasikia sauti nyembamba. "Mama!"

Kidoti alikuwa ameteleza akicheza, akaingia katika ufa wa jabali. Mguu umenasa, kifua kimebanwa. Pimbi akanyosha mkono. Haukufika. Akalala kifudifudi, akanyosha tena. Haukufika. Mkono wa pimbi ni mfupi.

Akakimbia mpaka kwa Nyani.

"Kaka Nyani, nisaidie! Kidoti amenasa ufani. Mkono wako unafika."

Nyani alikuwa ameshiba maji, amejinyosha kivulini pamoja na wenzake. Akapiga makofi. "Utamu kolea!"

"Sitambi, kaka. Nasema kweli."

"Na pofu? Amefika?"

"Hakuna pofu! Chui amekufa!"

Wanyama wakashangilia. "Chui amekufa! Hapo ndipo patamu! Utamu kolea!"

"Hadithi imekwisha! Naifunga!"

"Imefungwa na nani?" aliuliza Nungunungu. "Aliyeitikia ni Chui. Mwache aseme yeye."

"Maiti atasemaje?"

"Mtambaji huyu, jamani!" alisema Nyani akijifuta macho. "Anataka tupite mbele ya Chui mzima mzima, eti amekufa. Mama Kidoti, mimi nakuheshimu. Umemdanganya Chui siku saba. Mimi ni nani usinidanganye siku moja?"

Pimbi akaapa kwa mama yake. Wakaitikia. Akaapa kwa wanawe watatu waliokufa. Wakaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Akamshika Nyani mkono, akauvuta. Nyani akaurudisha taratibu, akampigapiga begani kama mtu anayemsifu.

Pimbi akarudi peke yake. Akalala juu ya ufa, mdomo ndani.

"Mama, Nyani anakuja?"

Pimbi akaitazama njia.

"Anakuja, mwanangu. Ametoka kivulini. Sasa yuko kwenye mkwaju. Mkono wake mrefu, unafika mpaka chini. Ti! ti! ti! Anakuja."

Kutoka ndani ya ufa Kidoti akaitikia polepole, "Utamu kolea, mama."

Pimbi akaendelea. Nyani akapita mkwaju, Nyani akafika jabalini, Nyani akainama. Akatua, akasikiliza, ufani hakuna jibu. Akaanza tena tangu kivulini.

Sasa, hadithi lazima iwe na funzo. Funzo ni hili: uongo haufai, watoto. Njia ya mwongo ni fupi, na mnaona wenyewe, ya Pimbi haikuzidi siku saba. Katika kilima kile aliyetimiza neno lake tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja tu, naye ni Chui. Mwigeni yeye. Na siku mtakapokuwa na shida, semeni kweli. Mtasaidiwa mara moja.

Naifunga hapa. Mlioitikia mwanzo, semeni: "Imefungika."

Semeni, tafadhali. Wote.